Maswali ya Wasomaji: Jina la Mungu juu ya mlango wa ofisi ya umma

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa jambo moja. Barua nne zilizotufikia kutoka Mbeya, Iringa, Tunduma na Makambako, kila moja kwa njia yake, zinauliza kama ni halali na kama ni busara kwa ofisi za serikali za mitaa kuandika kauli za dini kwenye kuta zake. Tumezifupisha bila kubadili maana, na kwa ombi la waandishi majina yao hatuyatoi.

Ndugu Mhariri, mimi ni diwani mkoani Mbeya. Katika kata yangu tunakamilisha ujenzi wa ofisi mpya ya kata. Mfadhili mmoja, mzaliwa wa hapa, amejitolea kugharimia maandishi ya chuma juu ya mlango mkuu yatakayosomeka “Tunamtumaini Mungu”. Anasema Marekani maneno hayo yameandikwa kwenye majengo ya halmashauri na hata kwenye magari ya polisi, na kwamba mahakama zao zimeyaruhusu. Wajumbe wengi wa Kamati ya Maendeleo ya Kata wamekubali. Mimi ni Mkristo, sina ugomvi na maneno yenyewe, lakini moyo wangu umesita. Je, anayosema ni kweli? Na sisi tufuate?

Mheshimiwa Diwani, anayosema mfadhili wako ni kweli, ila hajakueleza yote, na sehemu aliyoiacha ndiyo inayokuhusu zaidi.

Maneno hayo yalianzia kwenye sarafu. Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vimeanza, mchungaji mmoja wa Pennsylvania alimwandikia Waziri wa Fedha, Salmon P. Chase, akiomba jina la Mungu litambuliwe kwenye fedha za nchi, na mwaka 1864 yakatokea kwenye sarafu ya senti mbili. Hayakuwa bado kaulimbiu ya taifa. Kwa muda mrefu Wamarekani walitumia maneno ya Kilatini yaliyomo katika muhuri wa nchi yao tangu mwaka 1782, yanayosema kwamba kutokana na wengi amepatikana mmoja. Ni mwaka 1956, katikati ya mvutano na Umoja wa Kisovieti uliojitangaza kutoamini Mungu, ndipo Bunge lao lilipotunga sheria ya kuyafanya “Tunamtumaini Mungu” kuwa kaulimbiu rasmi. Kampeni ya kuyapeleka kwenye kuta za halmashauri ni ya juzi tu: ilianzia mjini Bakersfield, California, mwaka 2002, kwa juhudi za diwani mmoja, Jacquie Sullivan, na baadaye mamia ya halmashauri za miji na wilaya zikafuata.

Sasa tuje kwenye mahakama. Katiba ya Marekani, katika marekebisho yake ya kwanza ya mwaka 1791, inalikataza Bunge kutunga sheria ya kuanzisha dini, na katazo hilo leo linazibana pia halmashauri. Waliopinga kaulimbiu walikwenda mahakamani wakitegemea katazo hilo, wakashindwa. Shauri linalofanana mno na lako ni la Wilaya ya Davidson, North Carolina, ambako makamishna wa wilaya waliamua kuweka maneno hayo mbele ya jengo lao kwa herufi za urefu wa inchi 18, zilizolipiwa kwa michango ya makanisa na watu binafsi. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliyaacha yabaki. Lakini tazama sababu ambazo mahakama za huko zimekuwa zikizitoa tangu hukumu ya mwanzo ya mwaka 1970: kwamba maneno hayo ni ya kizalendo na ya sherehe za kitaifa, kwamba yamezoeleka kwenye fedha na hotuba kiasi kwamba anayeyasoma haoni kuwa serikali inamwita kwenye ibada.

Mheshimiwa, pima gharama ya ushindi huo kwa mtu wa imani. Ili jina la Mungu libaki ukutani, wakili wa halmashauri alipaswa kusimama mbele ya majaji na kutetea kwamba halimaanishi sana kile linachokisema. Mimi ni muumini, na kwangu hiyo ni hasara kubwa kuliko ukuta mtupu. Sitaki jina ninaloliitia usiku mgonjwa anapozidiwa liwe pambo lililoruhusiwa kwa sababu limekwisha kuzoeleka.

Wala hofu hii haikuanza na watu wasioamini. Mwaka 1907 Rais Theodore Roosevelt aliruhusu sarafu mpya za dhahabu zitolewe bila maneno hayo, akaeleza kwamba kuyaweka kwenye fedha ni kukosa heshima kunakokaribia kufuru. Bunge lilimpinga na mwaka 1908 likayarudisha. Hoja yake haikujibiwa na sheria ile, ilizidiwa kura tu.

Mfadhili wako huenda atasema kwamba kwa kuwa fedha ni zake, halmashauri haitakuwa imesema lolote. Hapo nako Wamarekani wamekwisha kupita. Katika mji wa Pleasant Grove, Utah, kulikuwa na mnara wa Amri Kumi uliotolewa kama zawadi katika bustani ya umma. Kikundi cha dini nyingine ndogo kikaomba nacho kiweke mnara wake, kikakataliwa. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mnara wa kudumu kwenye ardhi ya umma, hata ukitolewa bure na mtu binafsi, ni kauli ya serikali yenyewe, kwa hiyo serikali ina haki ya kuchagua upi iupokee na upi iukatae. Uamuzi huo uliisaidia halmashauri kushinda, lakini papo hapo uliifungia mlango wa kujificha nyuma ya mfadhili. Maandishi ya juu ya mlango wa kata yako yatakuwa ni kata yako inayozungumza, pamoja na yule ambaye hakuulizwa.

Na ukishapokea moja, utaulizwa kwa nini umekataa la pili. Texas ilitunga sheria mwaka 2021 inayozitaka shule za umma kubandika mabango ya kaulimbiu hiyo pale yanapotolewa kama zawadi. Mwaka uliofuata, mjini Southlake, mzazi mmoja alileta mabango yenye maneno yale yale, mengine yakiwa na rangi za upinde wa mvua na mengine yameandikwa kwa Kiarabu. Bodi ya shule iliyakataa, ikieleza kwamba shule zilikuwa zimeshapata mabango ya kutosha. Hukumu ya nia zao namwachia Mungu. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiislamu wa Southlake alijifunza jambo siku ile kuhusu bango lililokuwa tayari limetundikwa, na hakuna maelezo ya uzalendo yatakayomwondolea somo hilo.

Sasa nyumbani. Ibara ya 3 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na ibara ya 19 inayafanya mambo ya ibada na kueneza dini kuwa hiari ya mtu binafsi, huku ikiweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kamati ya Maendeleo ya Kata ni sehemu ya mamlaka hiyo, hata ikiwa inakutania kwenye darasa lenye madawati yaliyovunjika. Zaidi ya hapo, Marekani walau wana sheria ya Bunge inayoifanya kauli ile kuwa ya taifa zima. Sisi kaulimbiu ya taifa letu imo katika Nembo ya Taifa, nayo ni “Uhuru na Umoja”. Kata ikiamua kujitungia nyingine ya kidini, inabaki peke yake bila sheria ya kuegemea.

Ushauri wangu ni kwamba jambo hili ulirudishe mezani, na kabla ya kikao umwombe Mtendaji wa Kata apate maoni ya maandishi kutoka kwa mwanasheria wa halmashauri, ili wajumbe wasije wakaona ni wewe binafsi unayempinga mfadhili. Katika kikao chenyewe usiishie kuhesabu mikono. Umesema wengi wamekubali, nami ninakuamini, lakini katika kata ambayo Waislamu wako kaya chache, na wazee wanaoshika mila za mababu hawana mwakilishi kwenye kamati, anayenyamaza anaweza kuwa hajakubali. Amehesabu majirani atakaobaki nao baada ya kikao, akaona heri anyamaze. Wewe ni diwani wake pia.

Mfadhili asikatishwe tamaa. Mtembeleeni mumshukuru, na mwombeni fedha hizo azielekeze kwenye mabenchi ya wanaosubiri huduma, au kwenye tangi la maji ya mvua, ambayo Rungwe na Mbeya kwa ujumla hatujanyimwa. Akitaka maandishi, kuna yale ambayo kila ofisi ya umma inastahili kuyaweka wazi: huduma zinazotolewa, ada halali ya kila huduma, muda wa kusubiri, na mahali pa kupeleka malalamiko. Najua wapo wanaotaka jina la Mungu mlangoni kwa sababu wamechoshwa na rushwa na wanaamini kwamba mtumishi atakayelipita kila asubuhi ataogopa. Uchungu wao ni wa haki. Lakini mama aliyeombwa “chai” ili apigiwe muhuri hawezi kuisomea ofisi mstari wa Maandiko akapata haki yake. Orodha ya ada iliyobandikwa ukutani anaweza kuinyooshea kidole na kusema, hapa imeandikwa bure.

Mwanangu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Kihesa, Iringa. Nimefundisha watoto kuimba Wimbo wa Taifa kwa miaka mingi, na unaanza kwa kumtaja Mungu. Bunge huanza kwa dua. Rais huapa akiwa ameshika kitabu kitakatifu. Katika sherehe za serikali mashehe na wachungaji huitwa kuomba. Sasa iweje jina hilo hilo likatazwe kwenye ukuta wa ofisi? Je, hatuelekei kuwa taifa linalomwonea Mungu haya?

Shikamoo, Mwalimu. Katika barua zote hili ndilo swali gumu zaidi, na sitalikimbia kwa kusema kwamba Wimbo wa Taifa ni desturi tu, maana huko ndiko walikopita majaji wa Marekani na nimeshaeleza kwa nini sikupendi.

Wimbo wetu umetokana na ule alioutunga mwalimu mwenzako, Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, mwaka 1897, nao ulikuwa wimbo wa ibada. Kwa hiyo nakubali kwamba nchi isiyokuwa na dini haikukusudia kamwe kuwa nchi ya watu wasio na dini, na waasisi wetu hawakulionea haya jina la Mungu hadharani. Ila tazama namna walivyolitumia. Wimbo unaomba baraka kwa viongozi, kwa wake kwa waume na watoto; hauulizi mwombaji anaswali wapi. Katika sherehe za serikali, shehe huomba kwa desturi yake na mchungaji kwa yake, na sisi wengine tunaitikia au tunanyamaza kwa heshima. Kiapo nacho ni cha mwenye kuapa: kila kiongozi hushika kitabu chake, na sheria inampa nafasi ya kuthibitisha yule ambaye dhamiri yake haimruhusu kuapa. Katika yote haya watu ndio wanaoomba, kwa zamu na kwa hiari, na dua ikiisha kazi ya serikali inaanza. Maandishi ya chuma hayana zamu, wala hayaishi. Yanabaki juu ya kichwa cha kila anayeingia kulipa ushuru au kuandikisha kifo cha mzazi wake, yakizungumza kwa niaba ya ofisi na si kwa niaba ya mtu.

Nakiri kwamba mpaka huu si mstari ulionyooka. Hata Wamarekani, wenye wanasheria wengi kuliko sisi, siku moja tu, tarehe 27 Juni 2005, Mahakama yao ya Juu iliondoa Amri Kumi kwenye mahakama za wilaya za Kentucky na kuuacha mnara wa Amri Kumi kwenye viwanja vya makao makuu ya Texas, kwa kura tano dhidi ya nne katika kila shauri. Kilichozitofautisha ni historia na nia: mnara wa Texas ulikuwa umesimama miaka 40 miongoni mwa kumbukumbu nyingine bila ya mtu kuulalamikia, na mabango ya Kentucky yalikuwa mapya, yaliyowekwa kwa kusudi la wazi la kidini. Mimi naona ndiyo maana yafaa kuwa waangalifu zaidi na jipya tunalotaka kulianza leo kuliko lile tulilolirithi na kulizoea pamoja.

Tena, Mwalimu, wewe unajua kuliko mimi jinsi nyanda hizi zilivyopata elimu. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, Walutheri wakaja miaka hiyo hiyo, Wakatoliki wakajenga Tosamaganga, na shule na hospitali zao zimetufaa sana. Lakini ilifika wakati mtoto alipata au alikosa nafasi ya shule kulingana na sakramenti aliyopokea, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozitwaa shule nyingi za misheni, kilichotakiwa ni kwamba mtoto wa shehe wa mjini Iringa aketi dawati moja na mtoto wa katekista bila kuombwa cheti cha ubatizo. Makanisa yalikubali kupoteza kitu katika jambo lile. Nadhani ni haki tukumbuke kwa nini walikubali, kabla hatujaanza kuchagua kauli za kuandika juu ya milango ya wote.

Ndiyo sababu pia tangu sensa ya mwaka 1967 serikali haijawahi tena kuwauliza wananchi dini zao katika sensa. Hakuna anayeweza kusimama kwenye kikao cha halmashauri akadai ukuta kwa hoja ya wingi na akaleta hesabu rasmi. Naliona hilo kuwa moja ya maamuzi ya hekima tuliyowahi kuyafanya.

Kaka Mhariri, mimi ni kijana wa Tunduma. Ng’ambo ya mpaka Zambia walitangaza nchi yao kuwa ya Kikristo na bado wanaishi kwa amani. Huku Nyanda za Juu Kusini Wakristo ni wengi. Kwa nini halmashauri zetu zisipewe uhuru wa kuamua zenyewe?

Mdogo wangu, ni kweli Rais Frederick Chiluba alitoa tangazo hilo Desemba 1991, na mwaka 1996 likaingizwa katika utangulizi wa Katiba ya Zambia, ambayo wakati huo huo inahifadhi haki ya kila mtu kufuata dini aitakayo. Wazambia walilifanya kwa ngazi ya taifa na kwa katiba yao, nao wana haki ya kuliamua lao. Tangazo hilo halivuki pale kwenye geti la forodha. Halmashauri zetu zimeundwa kwa sheria za Bunge za mwaka 1982, na zina uwezo wa kutunga sheria ndogo za usafi, masoko na ushuru. Hazina uwezo wa kuipa dini sehemu ya nchi ambayo Katiba imeitaja yote kuwa haina dini. Na hata zingekuwa nao, fikiria nawe unakwenda kufanya biashara kwenye halmashauri ambayo wengi si wa imani yako, unaingia chini ya kauli yao kuomba kibali. Usingelipenda.

Mhariri, mimi ni mama mfanyabiashara, Mwislamu, Makambako. Nilikwenda kwenye ofisi moja ya umma kufuatilia leseni. Nyuma ya mtumishi palibandikwa mstari mkubwa wa Injili, na kabla hajapokea karatasi zangu aliniuliza, kwa tabasamu, kama nimeokoka. Nilipewa leseni, sikunyimwa kitu. Je, nina haki ya kulalamika?

Mama, unayo. Ulistahili leseni kwa sababu umetimiza masharti na kulipa ada, na swali lile halikuwa miongoni mwa masharti. Tabasamu halibadilishi kitu, kwa maana wewe uliyesimama upande huu wa dirisha ukiwa na hijabu hukuwa na nafasi ya kujua jibu lako lingekugharimu nini.

Kanuni za Maadili ya Utendaji katika Utumishi wa Umma zinampa mtumishi uhuru wa kuwa na dini aitakayo, lakini kwa kuwa Serikali haina dini, zinamkataza kuieneza mahali pa kazi. Hapa nitenganishe mambo mawili. Rozari shingoni, tasbihi mkononi, kilemba, Biblia ndogo kwenye droo yake, hayo ni yake na ninayatetea. Bango linalokabili wateja ni la ofisi, na kumhoji mteja imani yake ni kosa zaidi ya bango.

Anza kwa msimamizi wa kitengo hicho, kwa mazungumzo. Mara nyingi mtumishi wa namna hii hana nia mbaya na huelewa akielezwa. Ikishindikana, mwandikie Mkurugenzi wa Halmashauri, ukitaja tarehe, dirisha ulilohudumiwa na maneno uliyoulizwa, bila kuisema vibaya dini ya mtu, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya aina hii kutoka kwa mwananchi yeyote, hata kwa barua ya kawaida isiyoandikwa na wakili.